Ishara Kutoka Nje

Nilikuta kikombe cha chai juu ya kisanduku changu. Kikombe cha bati, kimejaa, bado kinatoa mvuke. Kisanduku kilikuwa kwenye benchi la ofisi ya mtaa, mgambo amekigeuza meza. Na haikuwa mara ya kwanza, maana kwenye bati la kisanduku palikuwa na duara tatu za kahawia zilizokauka, moja imepita juu ya vitundu vya kupitishia hewa.

Mwanangu alikuwa mgongoni. Hiyo ilikuwa mara ya saba nafika pale. Mara sita nilisema shikamoo, nikakaa, nikaambiwa mtendaji yuko kikaoni, njoo Ijumaa, nikarudi nyumbani. Mara ya saba nilikiinua kikombe, nikamwaga chai dirishani, nikakirudisha mbele ya mgambo kimepinduliwa.

"We dada, una wazimu?"

"Sina. Ningekuwa nao ungeshajua."

Waliokuwepo wanasema nilipiga kelele mpaka bodaboda wa ng'ambo ya barabara wakasimama. Mimi kelele sizikumbuki. Nakumbuka joto la kikombe mkononi.

Nieleze kisanduku chenyewe, maana balaa lote lilianzia kwenye kueleza.

Napiga kinanda kwenye kikundi cha akina mama wa Ujiji kinachoimba harusini. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, kinanda kikafa sauti. Taa zinawaka, vibonyezo vizima, lakini ukibonyeza, kimya. Bibi anayetuongoza akasema tutapiga ngoma tupu mpaka Mungu atakapopenda. Tukapiga ngoma tupu.

Nina meza ya kutengeneza simu sokoni Mwanga. Pembeni yangu yuko mzee wa vyuma chakavu, na kwake zilikuja kompyuta za zamani, yale madude manene ya rangi ya maziwa yaliyogeuka njano. Nilifungua moja nikitafuta skrubu. Ndani nikakuta kadi ya sauti, ndefu kama rula, na juu yake imepandikizwa kadi nyingine ndogo kwa pini ishirini na sita. Hiyo ndogo ndiyo iliyobeba sauti: piano, filimbi, tarumbeta, ngoma. Kompyuta haikuwa inaipelekea muziki, ilikuwa inaipelekea amri tu: piga noti hii, kwa nguvu hii, acha. Na kinanda chetu nyuma kina tundu la kutoa amri hizohizo. Nikasimama pale na bisibisi mkononi. Nikiing'oa kadi ndogo, nikaipa umeme wake, nikaiingizia amri za kinanda, basi sauti ya kinanda itakaa kwenye sanduku lake, mbali na kinanda.

Nilianza mtoto akiwa na miezi minne. Tangu nijifungue nilikuwa kama mtu aliyepigwa sindano ya ganzi, kisha daktari akasahau kurudi. Nilinyonyesha, nilifua nepi, nilicheka pale wenzangu walipocheka. Nesi aliniambia nitazoea. Sikuwa na huzuni, jamani. Huzuni ni kitu. Mimi sikuwa na kitu.

Kuchomea waya hakukutaki usikie kitu. Kunataka mkono utulie. Nilichukua pawasaplai ya kompyuta ileile, kwa sababu kadi inataka umeme wa aina tatu na zote zimo humo. Pale amri zinapoingilia niliweka kidude cha miguu minane, nilichokitoa kwenye mashine nyingine mbovu. Ndani yake kijitaa kinawaka na kuzimika, na upande wa pili kijicho kinasoma, hivyo kinanda na sanduku havigusani kwa waya. Vyote nikavipachika ndani ya ganda la bati la UPS iliyokufa, ile betri ya akiba ya kompyuta, nikatoboa tundu la kitufe cha sauti na la taa nyekundu.

Kikakaa kimya wiki mbili. Kila mchana nabonyeza, hakuna. Kumbe kuna pini moja ya kuiamsha kadi, na usipoipelekea umeme, kadi inalala milele hata kama kila kitu kingine ni sawa. Waya wenyewe ulikuwa urefu wa ukucha. Nilipouweka, nikabonyeza, piano ikatoka. Ningependa kuandika kwamba nililia. Nilibonyeza tena kuhakikisha.

Kilichofuata ni kosa langu na silikatai. Nilikitoa barazani kwetu Kasingirima, nikakiunganisha na spika, nikaanza kujaribu sauti moja baada ya nyingine. Ziko mia na ishirini na nane. Watoto wa jirani wakajaa. Za mwishoni waliozitengeneza waliweka mizaha: ndege wanalia, simu inaita, helikopta, makofi. Ya mwisho kabisa ni bunduki. Mimi sikuijua mpaka nilipoibonyeza.

Jirani yangu, mama aliyevuka ziwa na wanawe kukimbia vita, alikuwa anachambua maharage. Alilala chini. Hakupiga ukelele, alilala tu, maharage yakamwagika, mikono kichwani. Nilikwenda nikapiga magoti nikamwomba radhi, nikaokota naye maharage. Akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Bilishaisha, mama. Lakini ile ya mwisho usiipige tena." Sijaipiga tena.

Lakini watu waliokimbia waliposikia mlio walishafika ofisini. Mgambo wakaja wawili, wakakizunguka kisanduku bila kukigusa.

"Hii si ndo ya upepo hii?"

Redio ya upepo ni ile ya kubonyeza na kuongea; huku kwetu, ukiwa nayo bila kibali, inajulikana unaongea na mitumbwi ya magendo. Tukaenda ofisini, wao wamebeba kisanduku, mimi nimebeba mtoto.

"Siyo redio," nilimwambia mtendaji.

"Inaitwaje?"

Hakina jina la Kiswahili, na lile la Kiingereza, lenye neno la mawimbi ndani yake, lingenimaliza zaidi.

"Ndani kuna risasi?" mgambo akadakia.

"Ipo ya kuchomea waya."

"Umesikia, mzee? Ipo!"

Mtendaji akamnyamazisha kwa mkono. "Mama, niambie kinafanya nini."

"Kinapokea ishara, kinatoa sauti."

Akaacha kuandika. "Kinapokea ishara kutoka wapi?"

"Kutoka nje."

Fizikia nimeisoma kwa Kiingereza. Kichwani nilikuwa na neno lao la kitu kilicho nje ya sakiti, nikalitafsiri harakaharaka, na tafsiri yenyewe sahihi kabisa. Ila mji huu, siku ya anga safi, milima ya Kongo unaiona ukiwa unaanika nguo. Hapa nje ni kulekule.

"Nje wapi? Kalemie? Uvira?"

"Nje ya sanduku, mzee. Kwenye kinanda!"

"Sasa unabadilisha maneno."

"Nje ya sanduku," mgambo akacheka. "Hata mimi niko nje ya sanduku, mbona silipigii simu?"

Nikaomba nilete kinanda niwaonyeshe. Mtendaji akasema pale si ukumbi wa harusi. Aliandika, akanisomea: *Mwenye kifaa amekiri kuwa kinapokea ishara kutoka nje.* Mtoto alikuwa analia. Niliisoma mwenyewe pia, neno nje nililiona, nikasaini. Waliniambia nikisaini nitakichukua Ijumaa. Hiyo ndiyo sababu niliyoijua siku ile. Sababu nyingine ni kwamba sikuwa najali chochote, na mtu asiyejali anasaini.

Ijumaa zikapita sita. Ya saba ndiyo ya kikombe.

Kelele zangu zilimtoa mtendaji chumba cha ndani. Kumbe alikuwemo, na hakuwa kikaoni.

"Mama, mambo yana utaratibu."

"Nimekuja kwa utaratibu mara sita."

"Basi andika malalamiko upeleke kata. Kama kuandika unajua."

"Nipe karatasi."

Hakunipa. Nilichana karatasi ya katikati ya daftari langu la kazi, nikamtandikia mtoto kanga kwenye ngazi ya ofisi yao, nikaandikia palepale ili wanione. Kadiri nilivyoandika ndivyo hasira ilivyopanda, na nikaiacha ipande. Barua hii hapa kama nilivyoikabidhi kata na kugongewa muhuri kwenye nakala, nimetoa anwani tu.

*YAH: KISANDUKU CHANGU KUSHIKILIWA NA MAELEZO YANGU KUANDIKWA NUSU*

*Mimi ni fundi simu na mpiga kinanda, mkazi wa kata hii. Ofisi ya mtaa inashikilia kisanduku changu kwa madai kuwa ni redio ya upepo. Hakina maiki, hakina antena, hakiwezi kutuma neno hata nyumba ya pili. Kinatoa sauti ya kinanda kinapoamriwa na kinanda.*

*Kilitoa mlio wa bunduki kwa kosa langu. Aliyeumia nimemwomba radhi. Kama kuna adhabu ya hilo nitajieni, nitaitumikia.*

*Sentensi niliyosaini naikana. Nilisema nje, nikaeleza palepale kuwa ni nje ya sanduku, maelezo hayo hayakuandikwa. Naomba yaandikwe na nisaini upya, kwa sababu karatasi ile inanifanya mtu anayepokea habari za nchi nyingine, na nina mtoto wa kulea hapa.*

*Naomba kisanduku kifunguliwe mbele ya fundi yeyote mtakayemchagua ninyi, kinanda kikiwepo. Kisipolia, iandikwe kuwa kilikuwa kinalia siku kilipochukuliwa, na kilichokiharibu kitajwe kwa jina lake, yaani chai.*

*Sitakuja Ijumaa. Nasubiri jibu la maandishi.*

*Mlalamikaji, ambaye ndiye aliyekitengeneza.*