Miguu Ndani ya Sufuria

Kabla sijamwona fundi, nilisikia mchanga ukisagwa ndani ya shaba: kwaru, kwaru, kwaru, kutoka uani kwa familia moja ya Waislamu mjini Nakuru. Nilichungulia nikamkuta mzee amesimama ndani ya sufuria ya harusi, ameshika ukuta, anazungusha kiuno. Nikacheka.

"Cheka tu," akasema mzee huyo, Fundi Mkuu. "Kesho ni wewe."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya kutia sufuria za shaba bati ndani. Tulibeba mvukuto wetu, mfuko wa ngozi wa kupulizia moto, tukazunguka Njoro na Molo hadi jikoni kwa walowezi, ambako mpishi wao alitulaza stoo ya viazi. Sufuria ya shaba husuguliwa kwa mchanga na nyayo, ikapashwa moto, ikanyunyiziwa nishadiri, ile chumvi inayofanya bati lishike. Mahali pasiposuguliwa hubaki peusi, bati halishiki, na chakula hugeuka sumu.

Juzi mjukuu wangu aliniletea picha ya kale, iliyochongwa kwenye bamba na kupigwa chapa: fundi wa kuzunguka yumo ndani ya sufuria, suruali imekunjwa juu ya magoti. Mchongaji hakukosea hata mkunjo mmoja. Wajukuu wakanisihi niwaonyeshe fundi huyo alivyokuwa akicheza. Nikakataa. Uso ulinichoma, mzee mzima niliyestaafu tangu alumini ilipotufukuza sokoni.

Enzi zile za sufuria nilikuwa nimepeleka posa kwa kina Mwanaidi, msichana niliyetaka kumwoa. Jibu lilikuwa kwa mamake. Kwetu, mwanamume hukohoa kabla ya kupita mbele ya mama mkwe, na goti lake halionekani.

Siku moja, uani kwa jirani yao, akina mama walikuwa wakimenya vitunguu vya harusi. Nilipoanza kuzunguka ndani ya sufuria, suruali nimeikunja juu ya magoti, wakapiga makofi. "Kata, baba, kata! Chini kidogo!"

Ghafla makofi yakafa. Mama Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha vitunguu saumu.

Nikainua mguu nitoke.

"Rudi humo," Fundi Mkuu akanong'ona. "Umebakisha peusi. Unataka kuua wageni?"

Nikarudi. Nikazunguka, macho chini, jasho likidondokea mchangani. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ndiye huyu?" Mama Mwanaidi akauliza, uso ameuficha kwa leso.

"Ndiye, dada. Na kiuno anacho," mmoja akajibu.

"Basi ameshanichezea. Nitamketisha sebuleni kwangu nimtazame wapi?" Akatua kikapu. "Mwambieni apose kwingine."

Nilikuwa bado nazunguka mlango ulipofungwa nyuma yake.