Pakiti Nne za Tishu

Kwenye ukumbi wa vyakula ulio nyuma ya kituo cha treni, kiti hakiwekwi na mtu. Kinawekwa na tishu. Unafika saa sita na nusu mchana, maofisi yote yamemwaga watu wake, unatupa pakiti ya tishu mezani na kwenda zako kupanga foleni ya wali wa kuku. Ukirudi baada ya dakika ishirini, kiti kinakungoja. Mtu mwingine anaweza kuwa amesimama hapo na sinia la tambi za moto linalomuunguza vidole, lakini akiiona ile pakiti atapita. Akiwa na shaka atamuuliza jirani, "Hapa pana mtu?" na jirani, bila hata kutazama, atajibu, "Pana mtu." Hakuna mtu, kuna tishu, lakini huku Singapuri hayo mawili ni kitu kimoja na hakuna anayebishana.

Chua Gek Noi alifuta meza za ukumbi huo miaka kumi na mmoja, na kama kuna kitu alichokijua duniani ni pakiti za tishu. Watu huweka, hula, huondoka, husahau. Alizikusanya akazitia mfuko wa aproni, akazipeleka nyumbani kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda. Kwa miaka kumi na mmoja hakununua tishu. Hayo yalikuwa marupurupu yake ya kazi, na hakuna bosi aliyewahi kumkata.

Kisha serikali ikaamua kwamba kila mlaji arudishe sinia lake mwenyewe, na watu wakarudisha, maana huku watu wakiambiwa hurudisha. Wafuta meza wakapunguzwa. Gek Noi alikuwa na goti bovu la kulia na umri wa miaka sabini na minne, kwa hiyo alikuwa wa kwanza. Kijana wa kampuni alimwambia kwa heshima zote kwamba sasa wakati wake umefika wa kupumzika. Kupumzika ni neno tamu. Lilichukua siku tisa hivi kuanza kumuuma tumboni.

Njaa hasa hakuwa nayo, msije mkanielewa vibaya. Kwenye kisiwa hiki ni kazi kufa njaa. Wapo watu wema wanaogawa vyakula kwenye vyombo vya plastiki chini ya magorofa kila Jumanne, wamevaa fulana za rangi moja, wanapiga picha. Alikuwa na chumba cha serikali ghorofa ya tisa, anakigawana na bibi mwingine aliyekuwa kiziwi. Alikuwa na bomba lisilokatika maji, lifti isiyoharibika, na dirishani aliona majengo ya benki yakimeremeta kama vyombo vilivyooshwa vizuri. Kilichokosekana ni vitu vidogo vidogo tu, kila siku, vyote kwa pamoja.

Akaenda ofisi ya misaada. Akapokewa na msichana aliyeitwa Nurhidayah, mwenye ushungi wa kijivu na subira ya daktari wa meno.

"Anti, una mtoto?"

"Mmoja. Wa kiume."

"Anakusaidia?"

Gek Noi akaitazama kalamu ya msichana. "Ana watoto wawili," akasema.

"Sikuuliza hilo, Anti."

"Ndiyo nimeshakujibu."

Nurhidayah akacheka kidogo, halafu akaacha. Akatoa karatasi, akamwonyesha mistari kwa ncha ya kidole. Hii ni ya mtoto. Aijaze kwa mkono wake mwenyewe: anampa mama yake chochote kwa mwezi au hampi, anaweza au hawezi. Asaini hapa.

"Akiandika anakupa, hata kama kidogo, faili lako nalifunga, Anti. Akiandika hawezi, nalipeleka mbele na utaanza kupokea kila mwezi. Mwisho Ijumaa."

"Na asipoandika kitu?"

"Linakaa."

"Linakaa mpaka lini?"

"Linakaa tu, Anti."

Basi jambo zima likawa hilo: neno moja, la mkono wa Wee Siang.

Wee Siang alikuwa na miaka arobaini na sita, msimamizi wa mafundi wa viyoyozi, anaishi upande ule mwingine wa kisiwa, saa nzima kwa treni. Mama na mwana walikuwa hawajaonana miaka minne. Hawakugombana. Kugombana kunahitaji watu kukutana. Kila mwaka mpya wa Kichina alimtumia machungwa makubwa ya bei mbaya, yamefungwa karatasi nyekundu, yanaletwa na mtu wa pikipiki anayepiga kengele, anapiga picha ya mlango na kuondoka. Gek Noi alikuwa akiyapanga mezani mawili mawili, na kuyala peke yake hadi mwezi uishe.

Alimpigia simu jioni hiyohiyo. Nyuma ya sauti ya mwanawe mtoto alikuwa akipiga kinanda, wimbo mmoja, akikosea palepale.

"Niandike kwamba siwezi kumlisha mama yangu?" Wee Siang alisema. "Kwa mkono wangu, Ma? Mtoto gani anaandika hivyo?"

"Ni karatasi tu."

"Nitaandika nakupa. Kidogo. Watu wasiseme."

"Watu gani?"

"Watu, Ma."

"Ukiandika hivyo wanafunga faili langu."

"Basi nitakupa kweli."

"Utatoa wapi?"

Kinanda kikakosea tena. Gek Noi hakuwa amekusudia kumchoma. Aliuliza kama mtu anavyouliza bei ya mboga. Alijua mkopo wa nyumba, alijua ada za masomo ya ziada, alijua mkwewe alipunguziwa kazi. Watu huku wanavaa saa nzuri na kuogopa barua.

"Tuonane Alhamisi," Wee Siang akasema mwishoni. "Tule, tuzungumze. Lakini hilo neno silo la kuandika, Ma. Nakwambia mapema."

Alhamisi Gek Noi alivaa blauzi ya maua madogo ya zambarau. Alitia karatasi ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko, na kabla ya kutoka akainama kwa shida hadi kwenye kopo la biskuti.

"Loo, Anti," akasema Hock, muuza kahawa wa kibanda cha kwanza pale ukumbini, "leo umevaa. Unaolewa?"

"Nimeshaposwa. Nasubiri bwana arusi alete sinia lake."

"Mwambie alirudishe mwenyewe, wewe ulishastaafu."

Ilikuwa saa sita kasoro, watu bado hawajamiminika. Aliichagua meza ya nguzoni, iliyo chini ya feni, maana aliijua: feni yake haipigi kelele na harufu ya samaki haifiki. Meza ya viti vitano. Akakalia kimoja, akaweka pakiti moja ya tishu mbele ya kiti kilichomkabili, kiti cha Wee Siang. Angeishia hapo, mambo yangekwenda vingine. Lakini akawaza: mazungumzo yenyewe ni ya aibu, na jirani ana masikio. Akaweka ya pili. Akaweka ya tatu. Mwanamume mmoja akakitupia jicho kiti cha mwisho, naye akaharakisha kuweka ya nne. Akazipanga sawasawa, zote zimetazama upande mmoja, kwa mkono wa mtu aliyepanga meza miaka kumi na mmoja. Akakaa wima akiutazama mlango.

Ukumbi ukajaa. Watu wakazunguka na masinia, wakaona tishu, wakapita. Gek Noi akaridhika.

Msichana mmoja akasimama mbele yake, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni.

"Anti, tishu bei gani?"

"Pana mtu," akasema Gek Noi.

Msichana akainama kidogo, kama tunavyowainamia wazee tunaodhani hawasikii. "Pana nini, Anti?"

"Hapa. Pana mtu. Anakuja."

"Ah, sawa, sawa. Umekula, Anti?" Akatoa noti ya dola mbili, akaisukuma chini ya kiganja cha Gek Noi, hakuchukua kitu. "Kaa na tishu zako. Ukanunue uji."

Nyuma yake walikuwa wenzake wawili. Wa pili alipoona mwenzake amefanya vile, naye akafungua pochi, maana wema hauna gharama kubwa ukiwa kwenye foleni. Wa tatu, kijana wa miwani, akaweka noti yake na kuchukua pakiti, ile ya mbele ya kiti cha Wee Siang. "Mimi nachukua moja," akamwambia mwenzake kwa sauti ya chini isiyokuwa ya chini, "ili asijione ombaomba."

Hapo ndipo Gek Noi alipoelewa anaonekana nini. Ajuza, meza, tishu zimepangwa kwa mstari. Wauza tishu wa kisiwa hiki wote hukaa hivyo, milangoni mwa vituo, na yeye mwenyewe alishawapita mara elfu bila kuwatazama usoni. Alitaka kumwita yule kijana. Akainua macho, na badala ya kijana akamwona Wee Siang.

Alikuwa amesimama karibu na kibanda cha juisi ya miwa, amevaa shati la kampuni, mvi masikioni. Hakuna haja ya kuuliza alisimama hapo tangu lini. Noti zilikuwa bado chini ya kiganja cha mama yake, pembe moja inachungulia.

Alikuja, akavuta kiti, akaketi mahali pasipokuwa na tishu tena.

"Tangu lini?" akauliza.

"Nini?"

Akaonyesha pakiti tatu kwa kidevu. "Hii."

Jibu lilikuwa fupi na lilikuwa tayari mdomoni: nimekuwekea kiti. Gek Noi alishafungua mdomo. Lakini alimtazama mwanawe usoni, na ule ubishi wa kwenye simu haukuwapo. Ulikuwa umeondoka wote, na mahali pake palikuwa peupe kama sahani. Akajua, bila kupepesa, kwamba akisema ukweli, ubishi ule utarudi. Wee Siang atashusha pumzi, atacheka, ataagiza wali wa kuku wa watu wawili, na ataandika anampa.

"Si muda mrefu," akasema.

"Askari hawakufukuzi?"

"Hawajawahi."

"Na mvua ikinyesha?"

"Nakaa ndani."

Hakusema uongo hata mmoja zaidi ya ule wa kwanza. Wee Siang akapangusa uso kwa viganja viwili. Kisha akanyoosha mkono, naye Gek Noi akampa bahasha, na kalamu ya kuazima ya Hock ambayo alikuwa nayo tangu mwaka jana.

Aliandika polepole, herufi moja moja, akikandamiza, kama alivyoandika alipokuwa darasa la kwanza na mama yake amesimama nyuma ya kiti. Siwezi. Akauliza tarehe. Gek Noi akamtajia. Akasaini.

Gek Noi alisubiri moyo umuume. Aliona ni haki yake, na pia haki ya mtoto, kwamba mmoja wao angalau aumie vizuri. Haukuuma. Ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaugusa, unajua ni wako, basi. Alifikiria tu kwamba karatasi isilowe, meza hii ina alama ya maji, na aliyeifuta leo hakufuta vizuri.

"Umekula?" Wee Siang akauliza.

"Nimekula."

"Mimi narudi kazini. Gari la watu linaningoja."

"Nenda. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mkubwa ana mtihani wa kinanda."

"Anakosea sehemu moja," akasema Gek Noi. "Mwambie apunguze mwendo anapofika pale."

Wee Siang alimtazama kama mtu aliyeitwa jina na sauti asiyojua imetoka wapi. Akasimama. Akatoa pochi, akatoa noti nyekundu ya dola kumi, akaiweka mezani. Akasita. Mkono wake ulibaki hewani, unatafuta namna ya kuondoka kwa adabu, kisha ukashuka ukachukua pakiti moja ya tishu.

"Nachukua moja," akasema. "Ya watoto."

"Chukua mbili."

"Moja inatosha, Ma."

Akaenda, akapotea kati ya migongo ya watu wa ofisini. Gek Noi aliikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha, akaitia bahasha kwenye mfuko. Kesho ni Ijumaa. Angefika ofisini asubuhi na mapema, msichana wa ushungi angefurahi. Kwa mkono wa mazoea akachomoa tishu moja, akafuta ile alama ya maji kwa mduara, kutoka nje kuja ndani.

Mzee mmoja mwenye sinia la supu ya samaki akasimama kando yake. Alikitazama kiti kilichomkabili, akazitazama pakiti mbili zilizobaki, akawa na shaka.

"Samahani," akasema, "hapa pana mtu?"

Gek Noi akazisogeza tishu upande wake, ili mzee apate pa kuweka sinia.

"Hapana mtu," akasema.