Chupa Ambayo Haijavunjika

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2019. Ukungu mpaka saa tatu asubuhi, kisha jua kali, upepo hakuna. Saa nne harufu ya pilipili hoho za kuchoma ilianza kupanda kutoka ghorofa ya pili, na muda mfupi baadaye jengo zima likawa linachoma hoho.

Siku hiyo lori lilikuja kuchukua chupa za Dobrinka Stanchova.

Dobrinka ana miaka sabini na tatu. Anaishi peke yake ghorofa ya nne, mlango unaotazamana na wangu. Alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha kusindika mboga hapa Sevlievo, kwenye mkanda wa kuoshea chupa, zile za mdomo mpana zinazotiwa achari na lyutenitsa, rojo zito la hoho na nyanya. Chupa zilipita mbele ya taa nyeupe, na kazi yake ilikuwa kuiondoa kila yenye ufa. Kiwanda kilifungwa zamani, lakini mkono haukusahau. Hata leo ukimpa chupa, kabla hajasema asante anapitisha kidole kwenye mdomo wa hiyo chupa, mzunguko mmoja, kisha anakwambia kama itahimili maji ya moto au haitahimili.

Ndoo yake ya taka ni ile ya plastiki iliyokuja na jibini, ya kilo mbili. Huishusha Ijumaa, na si kila Ijumaa. Mkate mkavu anausaga. Maganda ya mboga huenda kijijini Batoshevo kwa basi la Jumatano, kwa kuku wa binamu yake, dereva ameshazoea. Vikopo vya maziwa ya mgando huoteshewa miche ya nyanya mwezi wa tatu. Mifuko ya plastiki anaifua. Anaifua kwa sabuni, anaigeuza ndani nje, na kuianika kwenye roshani inayotazama barabara, kila mfuko na kibanio chake. Kuna mmoja wa bluu ninaoufahamu tangu mwaka 2011.

Mwezi wa tatu mwaka huu tulimchagua Ognyan Gochev wa ghorofa ya pili kuwa mwenyekiti wa jengo. Ni mtu wa bidii, sitamsingizia. Alipaka rangi ngazi, akabadilisha taa, akaiandikia manispaa mpaka wakatuletea mapipa ya rangi: la karatasi, la plastiki, na lile la kijani la kioo, lenye umbo la kengele. Wiki ya kwanza ya mapipa hayo, mwezi wa nne, aliisafisha stoo yake iliyoko chini ya jengo ili atuonyeshe mfano. Alitumbukiza chupa zake zote kwenye pipa la kijani, moja baada ya nyingine, na tulisikia mlio huo mpaka jioni. Mkewe, Zdravka, alikuwa Hispania wakati huo, kwenye kuchuma stroberi. Alirudi mwezi wa saba.

Mwezi wa nane tangazo likabandikwa mlango wa chini. Stoo na ujia wake ziwe tupu ifikapo tarehe 14 Septemba, na chochote kitakachobaki kitachukuliwa na lori. Chini yake: ni marufuku kuanika mifuko upande wa barabara. Jina halikutajwa, lakini ni mtu mmoja tu aliyekuwa na chupa mia tatu na arobaini kwenye kreti za mbao, zimepangwa kutoka mlango wa stoo yake mpaka karibu na ngazi.

Dobrinka alivaa miwani, akalisoma lote.

"Upande wa pili hakuandika kitu," aliniambia. "Karatasi nzuri hivi."

Hakuhamisha hata chupa moja.

Basi lori likaja saa nne na nusu. Wakati huo Dobrinka alikuwa anamenya hoho jikoni. Kreti mbili zilishatolewa na kumwagwa ndani ya lori aliposikia mlio. Niliufungua mlango wangu nikamwona akishuka, aproni imelowa, vidole vyeusi kwa maganda yaliyoungua, na kiti cha jikoni mkononi. Nilimfuata. Alikiweka kiti katikati ya mlango wa kuingilia stoo, akakaa.

"Bibi Dobrinka, inuka tafadhali," Ognyan alisema. "Watu wako kazini."

"Na mimi niko kazini. Kazi yangu leo ni kukaa."

"Si tulitangaza? Mwezi mzima!"

"Mlitangaza mtachukua takataka. Chukueni. Ziko wapi?"

"Hizo hapo nyuma yako, mama. Zinaleta panya."

"Panya siku hizi anakula kioo?"

Mtu mmoja alicheka kwenye roshani juu. Ognyan akatazama juu, kisha akashusha sauti, kama mtu anayemsomesha mtoto.

"Sikiliza, mama. Hazitupwi. Zinarejelezwa. Zinapelekwa kiwandani, zinasagwa, zinayeyushwa, zinatengenezwa upya. Dunia nzima sasa inafanya hivyo."

"Zinatengenezwa nini?"

"Vitu. Vitu vya kioo."

"Vitu gani?"

"Chupa," akasema.

"Chupa!" Dobrinka alimgeukia dereva wa lori, aliyekuwa ameegemea mlango wake. "Umesikia, mwanangu? Unachukua chupa, unaivunja, unaipakia kwenye lori, unaichomea moto wa kuyeyusha mawe, ili upate chupa. Huyu ndiye mwenyekiti wetu. Tulimpigia kura wenyewe."

"Mimi naendesha tu, bibi," dereva alisema, akawasha sigara.

"Lile pipa la kijani nalipenda, Ognyan. Nalipenda kuliko ninavyokupenda wewe. Lakini ni kaburi. Na kaburini anapelekwa aliyekufa. Hizi zangu bado zinapumua."

"Nitawaita askari wa manispaa!"

"Waite. Waambie waje na viti vyao, mimi ninacho hiki kimoja."

Ognyan alitoa simu. Sijui kama angepiga kweli. Kabla hajabonyeza kitu, Zdravka alitokea kwenye ngazi akiwa na beseni kubwa tupu, kitambaa kichwani, uso mwekundu kwa joto la jiko. Mama yake alikuwa amewapelekea kilo arobaini za hoho kwa basi, na ndizo zilizokuwa zikinukia tangu saa nne.

"Mama Dobrinka, samahani, nipishe kidogo. Nachukua chupa zangu tu. Lyutenitsa iko tayari jikoni, inarukaruka."

Dobrinka alivuta kiti pembeni, akampisha. Tulisikia mlango wa stoo ya Gochev ukifunguliwa.

"Ognyan!" sauti ilitoka huko ndani. "Chupa zangu ziko wapi?"

Ognyan alitazama viatu vyake.

"Ognyan, nakuuliza wewe! Za mama yangu, zile mia!"

"Zimerejelezwa," alisema.

"Zime-nini?"

Zdravka alitoka. Alimtazama mumewe, akalitazama lori, akalitazama pipa la kijani pale nje, na nadhani alielewa bila kuelezwa.

"Mtu gani anatupa chupa?" alisema taratibu. "Mwezi wa nne unazitupa, mwezi wa tisa ulidhani lyutenitsa tutaihifadhi kwenye nini? Sufuria? Madukani zimeisha tangu Alhamisi, mjinga wewe!"

"Zdravka," Dobrinka alisema, "chukua thelathini na tano kwenye kreti za kwanza. Zimeoshwa. Zipitishie maji ya moto tu."

Ognyan alikohoa. "Tutakulipa, bibi."

"Kwani ulizaliwa wapi wewe? Chupa hailipiwi. Inarudishwa. Na hairudi tupu."

"Basi tuelewane. Chupa zibaki. Ila ile mifuko ianikwe upande wa nyuma. Tusaidiane kidogo."

"Upande wa nyuma hakuna jua."

"Bibi, watu wakipita barabarani..."

"Wahesabu. Kisha wakahesabu na yao."

Dobrinka alimwamuru dereva apande kwenye lori atafute zilizopona kati ya zile zilizomwagwa. Dereva alipanda bila kubisha, akazishusha kumi na tisa. Dobrinka alizishika moja moja, kidole kikizunguka mdomo. Nne alizikataa. Alizibeba yeye mwenyewe mpaka kwenye pipa la kijani, akazitumbukiza taratibu, kama mtu anayefuata jeneza la jirani asiyempenda sana lakini anayemheshimu. Lori likaondoka na vipande vyake. Ognyan alipandisha chupa thelathini na tano kwa safari tano, na kila safari alipita mbele ya kile kiti, maana Dobrinka hakuinuka mpaka ya mwisho ilipopita.

Jumapili, tarehe 15, ukungu tena. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Dobrinka alishuka na kisu cha mezani, akalibandua tangazo la mwenyekiti bila kulichana. Alilikata vipande thelathini na vitano kwa mkasi wa kushonea, akaandika kwenye upande safi wa kila kimoja: Stanchova, ghorofa ya nne. Alikoroga gundi ya unga na maji ya moto kikombeni. Kisha akabonyeza kengele ya akina Gochev. Chupa zilikuwa zimesimamishwa kichwa chini sakafuni jikoni kwao, zimefunikwa blanketi, bado zina vuguvugu. Alipiga magoti akavibandika kwenye chupa, moja baada ya nyingine, huku Ognyan akiwa na nguo za kulalia amemshikia kikombe cha gundi.

Alipomaliza alipanda juu, akaanika mifuko kumi na mmoja upande wa barabara, ule wa bluu katikati.