Alisema nikajitolee kwenye kokoto

Nina miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne, naishi na mama nje kidogo ya mji wa Singida. Hili sijamwambia mtu, hata mama: kuna mtu mzima namtakia aumie, na nikimuwaza hivyo nalala vizuri. Naandika huku kwa sababu mnaficha majina.

Nilipomaliza shule niliomba kujitolea kwenye kituo cha kulea watoto wadogo. Kila anayeingia lazima achukuliwe alama za vidole polisi, ijulikane kama hajawahi kuhukumiwa. Hilo sipingi, wale ni watoto wa watu. Shida ilikuwa gharama. Madam, msimamizi wetu, aliweka kiwango kimoja cha malipo, mwenye mshahara na anayejitolea sawa. Alama zisiposomeka, kituo kinakudai upya.

Zangu hazikusomeka. Tangu nikiwa mdogo namsaidia mama kuponda kokoto, na vidole vimekwisha. Mama akaja kuniombea. Alimwamkia Madam shikamoo, ingawa nadhani mama ndiye mkubwa.

"Mtoto anajitolea tu, Madam. Hii ya pili mngemwachia."

"Wenzake wanalipa, mama. Yeye ana nini?" Kisha akanishika mkono, akauinua wasaidizi wote wauone. "Hebu tazameni, kama mgongo wa kenge. Kama anapenda sana kujitolea, akajitolee kwenye kokoto."

Walicheka, isipokuwa mpishi. Mama naye alicheka, kile kicheko cha mtu asiyejua aangalie wapi. Madam ningeweza kumsahau, lakini kicheko cha mama kimenikaa.

Mama aliuza kuku wake wote, nikarudia, safari hii zikasomeka, nikapokelewa. Mpaka leo nikitoka kazini ananiuliza, "Madam hajambo?" Namjibu hajambo.

Sasa kamati ya wazazi imetaka hata waajiriwa wa zamani wapimwe. Madam ameenda, na wiki hii amejibiwa kwamba alama zake hazisomeki. Miaka ya kufua nepi kwa sabuni kali imemla vidole. Nilimkuta anavitazama dirishani. Najua vimeharibika kwa ajili ya watoto. Nilifurahi hivyo hivyo.

Juzi mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mpole, aliniita pembeni. "Binti, Jumamosi kamati inapanga viwango upya. Tunataka anayejitolea asilipe, na kurudia kuwe bure kwa wote. Wewe ulilipishwa mara mbili. Simama useme."

Nikasema sawa, baba. Baadaye nikagundua kwamba nikisema anavyotaka, Madam atarudia bure.

Mimi ni mwoga wa kusema mbele za watu, darasani nilikuwa nanong'ona. Lakini usiku huo nilipanga maneno yote. Nitasimama niseme kurudia bure kuwe kwa wanaojitolea tu, na mwenye mshahara alipe mwenyewe. Wazazi watakubali, maana inasikika kama haki. Madam atalipa mbele yangu, na mimi ndiye nitakayempelekea daftari la kusaini.

Kinachonisumbua ni mpishi. Naye ana mshahara, mdogo sana, na analea wajukuu. Hajaenda kupimwa bado, na vidole vyake vimeungua jikoni mpaka vinang'aa. Jana alinisogezea uji akasema, "Mwanangu, nasikia utatusemea." Nikainama nikanywa uji.

Msiniambie nisamehe, hilo nalisikia kanisani kila Jumapili. Nishaurini jinsi ya kumfanya Madam alipe bila kumgusa mpishi. Na kama haiwezekani, niambieni ukweli, nimwachie Madam apite bure, au mpishi naye alipe?

Wewe mzazi mwenye mtoto pale, najua umeshanitambua. Nakuomba usimwambie mtu yeyote. Jumamosi nikisimama, nisikilize kama vile hukusoma hapa.