Mwanamke wa Garaji ya Shafii

Kabla ya vita kulimeza lori lake, Shafii alijulikana mtaa mzima wa Vulamba, hapa Butembo, kwa mkono wa birika. Dereva wake alipimiwa mafuta kwa chupa, na mgeni aliyekaribishwa wali nyumbani kwake alipata kipande kimoja cha nyama, nacho mfupa mtupu. Kisha askari wakaja, wakalichukua lori, wakaahidi kulirudisha, naye akawaamini msimu mzima. Mbahili wa kila kitu, lakini kwa hilo alikuwa mjinga kama sisi wengine. Garaji ikabaki tupu, inanuka dizeli, na pembeni kuna kasha ambalo familia moja iliyokimbia ililisahau kati ya mizigo na haikurudi kuliulizia.

Ndani ya kasha mlikuwa na mchezo: kitabu cha Kifaransa na dadu za pembe nyingi. Mmoja anakuwa maître, bwana wa mchezo, anasimulia nchi nzima, mito yake, majitu yake na wezi wake. Wengine kila mmoja anajibunia mtu, anasema mtu huyo anafanya nini, na dadu zinaamua kama amefaulu. Akifaulu, maître anampa zawadi. Shafii, aliyechoka kutazamana na kuta, akajifanya maître. Ngome za kitabuni akazihamishia Ruwenzori, akamweka mfalme katili chini ya theluji, na Jumapili mchana majirani wakaanza kuja.

Waliodumu walikuwa wawili. Rébecca aliuza sabuni sokoni na hakuwa mtu wa kumeza neno lake. Nzanzu alikuwa seremala mpole ambaye mkewe, Falonne, alipanda gari kwenda Beni kununua mawese na hakufika. Gari lilikutwa limeungua njiani. Wenzake walizikwa, lakini yeye hakuonekana, si hai wala maiti. Nzanzu hakulia wala hakumtaja, akaendelea kuranda mbao zake.

Kuhusu zawadi, kitabu kilisema wazi: ukimpa mchezaji kidogo mno atakata tamaa, ukimpa kupita kiasi hatakuwa tena na cha kutafuta. Hamhitaji kuambiwa Shafii alishika nusu ipi. Jitu likiuawa, alitoa chumvi. Watu wakivuka mto wenye mamba, aliwapa kamba. Siku moja Rébecca akafura.

"Maître, inje basoda na bunduki zabo banatunyanganya, humu ndani na weye unatunyima. Sasa furaha tutaitafutaka wapi?"

Walicheka, lakini neno hilo lilimchoma Shafii mpaka mifupani. Kwa hiyo, mfalme wa theluji aliposhindwa hatimaye, aliufungua mkono wake kwa mara ya kwanza maishani. Alisema kila mmoja achague chochote, hatakataa. Rébecca akaomba kundi la ng'ombe na mwanamume wa kulichunga, asiye mlevi. Nzanzu akaziweka dadu chini.

"Mi nataka bibi yangu," alisema. "Nataka nikirudia, Falonne akuwe kwa nyumba."

Mtu mwenye busara angetafuta njia ya kukwepa, lakini Shafii alikuwa ameshaahidi, na tena uso wa Nzanzu ulikuwa umemwangalia namna ambayo hakuwa na nguvu ya kuikataa. Akasema: mlango uko wazi, moshi unatoka jikoni, Falonne yuko ndani. Na kwa kuwa maître ndiye anayewasemea watu wote wasio na mchezaji, ilibidi amsemee na yeye. Alikuwa amemwona mara chache tu, kwa mbali, sokoni. Akabuni sauti ya chini, ya upole.

"Karibu, mupenzi. Ulichelewa sana."

Nzanzu akatabasamu. Shafii alihisi baridi ikimpanda mgongoni, na haikuwa baridi ya Butembo tuliyoizoea.

Tangu siku hiyo mchezo ulikwisha, kama kitabu kilivyoonya. Mtu wa Nzanzu hakutoka tena nyumbani. Alikaa na mkewe, akamuuliza habari za kuku na shamba na mvua, naye Shafii akajibu. Rébecca alivumilia kwa muda, kisha akaenda zake, akasema hawezi kupoteza Jumapili kusikiliza watu wakizungumzia kuku. Nzanzu akaanza kuja hata siku za kazi, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nywele.

Na Shafii hakuwa akibuni tena. Maneno yalikuja kabla hajayafikiri. Alipokuwa peke yake anafagia garaji, sauti ile ilimuuliza kama amekula. Aisha, mkewe, alimkuta uani mchana kweupe akimjibu mtu ambaye hayupo.

"Papa Shafii, zile dadu nilizinyamazia," Aisha alisema. "Lakini kuita wafu! Uache ile kitu, itatubakia hapa kwetu."

"Siwezi. Nikimunyima sasa, itakuwa nimemuua ule mwanamuke miye mwenyewe."

Aliogopa, na aibu ilimzuia kumwambia mkewe kiasi gani.

Ndipo akaja Kaswera, mama yake Falonne, kutoka Bungulu, kule Beni. Familia ilikuwa imekubaliana kuweka kilio bila maiti, kuzika mgomba mahali pa binti yao, ili naye apumzike na walio hai waache kutazama njia. Bila mume kilio hakingefanyika. Mama huyo alikuja kumchukua mkwewe, na mkwewe akakataa.

"Mama, nitalia aje mutu mwenye niliongea naye juzi?"

Kaswera akauliza waliongea wapi. Alipoelezwa, alimfuata Nzanzu hadi garajini, kitambaa amekikaza kiunoni, amekuja kwa shari.

Shafii alipomwona na kusikia alichokijia alishituka, kisha akashukuru Mungu. Alijua la kufanya: Falonne mwenyewe ndiye aombe kuzikwa. Nzanzu akaketi mahali pake, mama akabaki amesimama mlangoni, na sauti ikaja.

"Mupenzi, nimechoka. Uende na mama. Munililie, halafu muniache nilale."

Alipomaliza, Shafii hakuwa na hakika kama maneno yale aliyapanga yeye. Kaswera alimkazia macho.

"Huyu ni nani?" aliuliza. "Haiko Falonne. Mutoto wangu alikuwaka na makelele, mpaka majirani wanafunga dirisha. Hakuitaka mutu mupenzi hata siku moja. Nzanzu, alikuwa anakuitaka aje?"

Nzanzu akazigeuza dadu mkononi.

"Kichwa ya mbuzi," alisema.

Kaswera akaangua kicheko, na kicheko kikageuka machozi njiani.

"Nilijua, Mama," Nzanzu alisema. "Tangu siku ya kwanza nilijua haiko yeye. Lakini kulikuwa mutu wa kunijibu."

Kisha uso wake ukavunjika. Alilia mpaka majirani wakaja na viti vyao, na Rébecca akatoka sokoni mbio, ameacha sabuni bila mtu wa kuzilinda. Kilio cha Falonne kilianzia hapo, juu ya sakafu yenye mafuta. Baada ya hapo walishuka Beni, wakazika mgomba Bungulu, kila mtu akisimulia makelele ya marehemu, na Nzanzu akarudi amekonda lakini anamtaja mkewe kwa jina.

Kabla ya kuagana, Kaswera alimshika Shafii mikono yote miwili akamshukuru. Shafii hakuthubutu kumwambia kwamba yule mwingine hajaondoka.

Falonne alikwenda na watu wake. Aliyebaki ni yule mpole, aliyeumbwa garajini kwa sababu mtu alihitaji zawadi, na sasa aliyepewa amemrudisha. Hakuwa na mama Bungulu. Hakuwa hata na jina ambalo Shafii angeweza kulitaja kwenye dua. Shafii alilichoma moto kasha na vyote vilivyomo, na bado siku ya pili sauti ikamsalimia.

"Lakini wewe ni nani?" Shafii alimuuliza siku moja, akiwa peke yake garajini.

"Nilikuwaka bibi ya Nzanzu," ilijibu kwa kinywa chake mwenyewe. "Sasa, mupenzi, miye nani atanililia?"

Shafii akafunga mlango, akaketi chini pale lori lilipokuwa likilala, akamlilia.