Mama Mdogo, Chokaa na Hesabu Yangu

Jamani wa bwenini, nabandika hii hapa ukutani kabla hamjaisikia kwa wengine.
Leo nimemsingizia mama mdogo wizi, kwa sababu ya kemia.

Mnajua anachoma chokaa Msasani.
Na hesabu ya jana darasani mnaikumbuka: ukichoma ratili mia za mawe ya chokaa, hewa inatoka, zinabaki hamsini na sita.
Mie niliipata wa kwanza. Kichwa kikavimba.

Asubuhi nikamkuta anampimia mteja chokaa iliyotokana na mawe ratili mia.
Mizani ikasoma sabini na nne!
Nikasema kwa sauti, "Mama mdogo, humu umetia mchanga. Mwalimu katufundisha zinabaki hamsini na sita."

Mteja akaweka gunia lake chini.
Mama mdogo akaniambia, "Kamlete huyo mwalimu wako."

Mwalimu akaja na baiskeli.
"Shikamoo, mama. Ulipoitoa tanuruni, uliimwagia maji?"
"Marahaba. Nisipoimwagia, mawe yatageukaje unga?"
Mwalimu akaandika mchangani kwa kidole: hamsini na sita za chokaa, kumi na nane za maji iliyoyanywa. Sabini na nne.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Mteja akalipa. Gunia nikabebeshwa mie mpaka kwake Kinondoni, mwalimu akinipita na baiskeli yake.

Haya, chekeni, na maneno yenu andikeni hapa chini.
Ila hakuna litakalonichoma kama la mama mdogo tulipoagana:
"Hesabu ya moto umeijua, mwanangu. Ukifika ya maji, njoo tena."