Chai ya Mama Mkwe Siku ya Kipimo

Siku hiyo niliamka na furaha na woga kwa pamoja. Miezi mitatu kabla ya hapo, daktari mjini Nyamira alikuwa amenionya: sukari imeanza kupanda, na nisipopunguza mwili nitaanzishiwa dawa. "Mafuta ya tumbo yanaufanya mwili usiisikie insulini," alisema. "Kongosho linatoa nyingi, linaongeza, mwishowe linachoka." Maskini kongosho langu! Nililitumikisha kama punda, huku nikisifiwa kwa kunona.

Basi nikarudi kuchuma majani chai mwenyewe, nikipanda na kushuka miteremko ya Manga. Ugali nikaukata nusu. Chai nikanywa bila sukari. Haki nilipungua! Rinda la kanisani likanipwaya, nami nikaringa nalo kila Sabato. Kumbe majirani wananong'ona kwamba mume wangu hanilishi.

Asubuhi ya kipimo, kabla sijatoka, mama mkwe akaingia na chupa ya chai na ndizi mbivu. Porojo zilikuwa zimemfikia.

"Kunywa, mwanangu. Watu wanatusema."

"Mama, leo napimwa sukari. Nimeambiwa nisile kitu."

"Na nani amekwambia ule? Hii ni chai tu!"

Ai! Kwetu chai haihesabiwi kuwa chakula, na ya mama huyu ina sukari hadi midomo inanata. Tangu niolewe sikuwahi kuikataa. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kikombe. Nikaurudisha.

"Twende wote, mama, ukajionee."

Alinuna njia nzima.

Muuguzi alinidunga kidole, akatazama kimashine, akatabasamu. "Imeshuka! Iko sawa kabisa. Dawa ya nini tena?"

Woi! Nilimrukia mama mkwe. Akanikumbatia, na kwa mara ya kwanza mikono yake ikanizunguka ikakutana mgongoni. Alishtuka kuliko mimi.

Tulipofika nyumbani alisimama langoni akawapazia majirani sauti: "Mwanangu anamlisha! Huyu ni mkaidi tu, na sukari yake imeshuka!" Nilicheka hadi nikakaa chini.

Kesho yake alfajiri akaja tena na chupa. Moyo ukanishuka. Alinimiminia, akasimama kunitazama. Nikaonja. Haikuwa na sukari hata chembe.

"Ni mbaya," alisema, akajimiminia kikombe chake.